Udongo Haujui Kama Wewe ni Mtoto

Mvua ya kwanza ikianza kunyesha Dodoma, watu hutoka nje. Majirani zetu hapa Nkuhungu husimama vibarazani wakivuta pumzi kwa nguvu, na utamsikia mmoja akisema, "Aisee, harufu hii." Mimi hufunga madirisha. Naanza na la sebuleni, namalizia la chumbani kwangu, kisha nakaa kitandani nimeziba pua kwa khanga, kwa sababu harufu ya udongo mkavu unaopata maji hunijaza mate mdomoni, na mate hayo hunitisha.

Najua si kitu cha kutisha. Nimemaliza chuo, nimesoma, nimetafuta majibu kwenye simu kupita kiasi. Lakini mimi ni mtu wa kuwaza. Nikiitwa kwenye usaili leo, nitawaza mpaka nijishawishi kwamba aliyepiga simu alikosea namba. Kwa hiyo mate yakijaa nakwenda kwenye kioo, navuta chini ngozi ya jicho na kutazama kama wekundu upo. Upo. Natazama kucha. Zimekaa sawa. Natulia kidogo, halafu narudi kuangalia tena, maana mara ya kwanza labda mwanga haukuwa mzuri.

Juzi mdogo wangu Baraka alinikuta hapo. Sasa ni kijana wa sekondari, amenipita urefu.

"Dada, unatafuta nini kwenye jicho?"

"Vumbi."

"Vumbi na mvua yote hii?"

Nikamwambia aende akakinge maji ya mvua kabla hayajaisha. Ni yeye aliyekuwa tumboni mwa Mama wakati mambo haya yanatokea, na hajui kwamba katika miezi ileile dada yake aliamini kwa moyo wote kwamba na yeye ana mtoto wake tumboni.

Nilikuwa darasa la pili. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za kuchoma, na jiko lilikuwa nje, la udongo mtupu, limeegemea ukuta wa nyumba kama mtu aliyechoka. Baba alikuwa fundi ujenzi. Asubuhi alikwenda Msalato kujenga nyumba za watu, jioni alirudi na saruji kwenye nyusi. Mama alikuwa mjamzito, na alikuwa anakula udongo.

Hilo halikuwa siri wala ajabu. Ninyi mliokulia mitaa kama yetu mnajua. Genge la jirani liliuza nyanya, vitunguu na dagaa, na pembeni kwenye kisahani kulikuwa na vipande vya udongo vilivyokaushwa, virefu kama kidole, vingine vya kijivu, vingine vyekundu. Mama alinituma karibu kila siku. "Chukua vile vyekundu," alisema, "na usije ukaniletea vilivyolowa." Mwenye genge alivifunga kwenye gazeti, akanikabidhi na kunitania, "Haya, kampelekee mdogo wako chakula chake."

Njiani kulikuwa na vumbi lililovuja kutoka kwenye gazeti likabaki vidoleni. Nililamba kidole. Sijui kwa nini. Watoto hulamba vidole.

Ningependa kusema ulikuwa na ladha mbaya. Ulikuwa na ladha ya mvua. Ulikwaruza kidogo kwenye meno, kisha ukayeyuka na kushika ulimi kama maziwa ya unga, na nyuma yake ikabaki harufu ya mtungi mpya uliotiwa maji kwa mara ya kwanza. Siku iliyofuata nilivunja kipande kidogo pembeni. Baada ya hapo nikaanza kuombea Mama anitume.

Leo naelewa kwamba huenda damu yangu ilikuwa imeshaanza kupungua kabla sijalamba chochote. Mwili uliopungukiwa madini ya chuma unaweza kutamani vitu visivyo chakula: udongo, mkaa, mchele mbichi, barafu. Ukila udongo, unazuia hata yale madini machache yaliyomo kwenye chakula yasiingie mwilini, na ukiwa na bahati mbaya unameza pamoja nao mayai ya minyoo, ambayo nayo hukupunguzia kilichobaki. Kadiri unavyokula ndivyo unavyozidi kutamani. Lakini mtoto hana maneno hayo. Nilichojua ni kwamba kinywa changu kilikuwa kimekipata kitu ambacho siku zote kilikuwa kinakitafuta.

Vipande vya Mama havikutosha. Nikagundua ukuta wa jiko. Upande wa nyuma, ule unaotazama ua wa jirani, mvua ilikuwa imelegeza udongo, nao ulibanduka vizuri kwa kucha. Nilikuwa nachuchumaa pale kila nikitoka shule, na sare yangu yote, nakwangua na kula. Shimo likakua. Ukuta ukawa na kovu la kimo changu.

Ndipo Bibi, mama yake Baba, alipokuja kutoka Mpwapwa kumsubiri Mama ajifungue, kama inavyotakiwa. Alishuka kwenye basi na kuku wawili hai, gunia la uwele, na mlenda mkavu uliofungwa kwenye kitambaa. Bibi aliniita mke mwenzake, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na mimi nilijibu mapigo kwa kumwambia kwamba mume wetu, yaani Babu, ananipenda zaidi mimi. Huo ulikuwa mchezo wetu wa kila likizo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hebu geuka nikuone. Mbona miguu kama ya korongo? Unafunga?"

"Nakula, Bibi."

"Unakula nini?"

Nikabeba mlenda wake nikaingia nao ndani. Kesho yake aliuona ukuta. Alisimama nyuma ya jiko ameshika kiuno, akatazama shimo kwa muda mrefu.

"Mkwe wangu," alimwita Mama, "hawa kuku wa huku mjini wana meno? Wanakula nyumba."

"Ni wale wa jirani, Mama. Wanadonoa chumvi ukutani."

"Basi tuwafunge, kabla hawajafika chumbani kwangu."

Kuku wa jirani walifukuzwa kwa mawe kwa muda, bila kujua kosa lao.

Rafiki yangu wakati ule alikuwa Sofia, mtoto wa jirani zetu waliotoka Kondoa. Alinizidi darasa moja, na kwa sababu hiyo alijua kila kitu. Siku moja alinikuta nyuma ya jiko na mdomo mwekundu.

"Unakula udongo?"

"Kidogo tu."

Sofia alichuchumaa mbele yangu. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitia hofu. "Wewe, si unajua anayekula udongo anapata mtoto?"

"Nani kasema?"

"Hakuna haja ya kusema. Angalia mwenyewe. Mama yako anakula udongo, tumbo hilo. Mama yangu alikula udongo, akaja Idi. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anatafuna udongo ofisini, tulimwona dirishani, halafu akaondoka, halafu akarudi na mtoto mgongoni. Umewahi kuona mwanaume anakula udongo?"

Sikuwa nimewahi kuona.

"Na umewahi kuona mwanaume ana mtoto tumboni?"

Nilifikiria kila mwanaume niliyemjua, kuanzia Baba mpaka mchungaji wetu, ambaye tumbo lake lilikuwa kubwa, lakini sikuwa na ushahidi wa udongo.

"Lakini mimi ni mtoto," nikasema.

Sofia alinitazama kwa huruma. "Udongo haujui kama wewe ni mtoto."

Nimesoma somo la mantiki chuo kikuu na bado sijakutana na hoja iliyonishinda kama ile. Kila kitu kilikaa mahali pake: mwenye genge na chakula cha mdogo wangu, Mama na tumbo lake, mwalimu wa hesabu. Nikainua shati la sare nikatazama tumbo langu. Lilikuwa limevimba. Halikuwa limevimba mawazoni mwangu tu, lilikuwa limevimba kweli, gumu kama ngoma, na kitovu kimeanza kuchungulia nje. Siku nyingi nilikuwa sipati choo. Mkononi na miguuni nilikuwa mifupa, lakini tumbo lilikuwa mbele yangu kama la mtu mwingine.

"Lini?" nilimuuliza Sofia.

"Sijui. Ukiacha sasa hivi labda litasinyaa."

Sikuweza kuacha. Hapa ndipo watu wakisikia habari za ulaji wa namna hii huuliza, kama alijua, kwa nini hakuacha? Nilijaribu. Nilitoka shule nikapita mbali na jiko, nikakaa kibarazani nimekalia mikono yangu. Mate yalinijaa. Nilihisi ukuta ule upo nyuma ya nyumba kama unavyohisi kuna mgeni chumbani hata kama humwoni. Haikuwa njaa. Njaa ina mwisho, unakula inakwisha. Hii ilikaa tu, ikingoja nisimame. Nilisimama.

Kwa kuwa udongo ulinishinda, nilitafuta njia nyingine, na njia hiyo nilipewa na Bibi bila yeye kujua. Kila jioni alikaa kwenye kigoda akimsonga Mama ale. Mama alikuwa na kichefuchefu, chakula kilimchosha.

"Kula," Bibi alimwambia. "Mtoto wa tumboni anakula unachokula wewe. Usipokula, na yeye hakui, anabaki kama panya."

Nilikuwa nimekaa mkekani na tonge mkononi. Nilitazama tonge lile. Nikalirudisha taratibu kwenye sahani.

Kuanzia siku ile niliacha kula chakula. Nilitaka mtoto wangu abaki kama panya, kisha awe mdogo zaidi, kisha asiwepo. Nilikuwa hodari wa kuficha. Nilimega tonge kubwa, nikalichovya kwenye mlenda mbele ya macho ya Bibi, kisha nikatoka nalo uani kwa kisingizio cha kumwaga maji, na kuku wa Mpwapwa wakanenepa. Asubuhi uji wangu ulikwenda kwenye mizizi ya mpapai. Shuleni niliwapa wenzangu mihogo yangu na wakanipenda sana muhula ule.

Mwili wangu ulianza kuniambia mambo, na mimi nikayatafsiri yote vibaya. Pembe za mdomo zilipasuka, zikauma nikicheka. Ulimi ukawa laini na kuuma nikinywa chai ya moto. Nilisikia baridi mchana wa jua. Kucha zangu zikabonyea katikati, nikagundua kwamba nikiweka tone la maji juu ya kucha ya kidole gumba, linakaa bila kumwagika. Nilimwonyesha Sofia, na Sofia akasema hiyo ni dalili.

Jambo baya zaidi lilikuwa moyo. Nilikuwa natumwa bombani na ndoo ndogo, mwendo ambao zamani niliukimbia nikiimba. Sasa nilisimama mara kwa mara, na nikisimama kifua kilikuwa kinapiga kwa nguvu kiasi cha kusikika masikioni, mpaka chini tumboni, du, du, du, haraka haraka. Mama alishawahi kuniwekea mkono wangu tumboni mwake nimsikie mdogo wangu akirusha teke. Kwa hiyo nilijua ni nini. Mtoto wangu alikuwa anacheza. Sikumlisha, na bado alikuwa anacheza.

Leo, nikisoma kwamba moyo wa mtu mwenye damu kidogo hukimbia ili damu hiyo kidogo ifike kila mahali, na kwamba ukikimbia hivyo muda mrefu unaweza kuchoka wenyewe, huwa nasimamisha kusoma kidogo. Yule hakuwa mtoto. Ulikuwa moyo wangu, unafanya kazi ya watu wawili.

Watu wazima waliona. Si kweli kwamba hawakuona. Mama alinipeleka kupima malaria, haikuwepo. Baba alirudi na soda akisema labda sukari imeshuka. Mama Sofia alipita jioni, akanitazama nilivyolala mkekani, akamwambia Mama, "Wivu huo. Wa kwanza akijua mwenzake anakuja, hujikondesha. Akishazaliwa atapona."

Bibi yeye alijaribu utani, maana ndiyo ilikuwa lugha yetu. "Mke mwenzangu, tumbo hilo unashindana na mama yako?"

Niliangua kilio. Si kilio cha kudeka, kilikuwa cha mtu aliyekamatwa. Bibi alishtuka, akanivuta mapajani kwake, akaniuliza kuna nini, na mimi nikasema tumbo linauma. Ilikuwa kweli kiasi. Alinikanda kwa mafuta. Vidole vyake vilipita juu ya ule ugumu, nikafumba macho nikisubiri aseme. Alisema tu, "Kesho nitakutafutia dawa ya minyoo ya kienyeji." Lakini kesho yake Mama aliamka amevimba miguu, na dawa yangu ikasahauliwa.

Nilianguka mstarini, asubuhi, wakati wa kuimba. Nakumbuka mwalimu wa zamu akikagua kucha, nakumbuka nikificha zangu, kisha sauti za wenzangu zikaenda mbali kama zinatoka kwenye pipa. Jua likawa jeusi pembeni. Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye bodaboda, nimebanwa katikati ya dereva na mwalimu, na mwalimu alikuwa anasema, "Usilale, imba, imba chochote."

Hospitalini Mama alikuja na Bibi, Mama akitembea ameshika mgongo. Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wangu wa sasa labda, nywele amezifunga kwa bendi ya mpira na macho ya mtu ambaye hajalala. Alinivuta ngozi ya chini ya jicho. Akafungua viganja vyangu, akavilinganisha na vyake. Akabonyeza tumbo langu hapa na pale, akasikiliza kifua kwa kile kipimo cha kuvaa shingoni, akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nilitolewa damu, tukasubiri kwenye benchi, tukaitwa tena.

"Damu ya huyu mtoto ni ndogo sana," alimwambia Mama. "Moyo wake unakimbia kwa ajili hiyo. Na ana minyoo, tena mingi. Nyumbani anakula vizuri?"

"Anakula," Bibi akajibu. "Namsongea mwenyewe."

"Anakula udongo?"

Mama akatabasamu kwa aibu. "Hapana, daktari. Udongo ni wangu. Hali ya ujauzito tu."

Daktari alinigeukia mimi. "Fungua mdomo." Nikafungua. Sijui aliona nini kwenye meno, lakini sauti yake ikashuka. "Unakula udongo?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Mama alitaka kusema kitu, daktari akamwonyesha kiganja asubiri.

"Na chakula je? Ugali, uji?"

Nikatikisa kukataa. Bibi akasema, "Hee," taratibu, kama anayeongea na yeye mwenyewe. Nadhani aliwakumbuka kuku.

"Kwa nini huli chakula?"

Nilitazama mlango. Ulikuwa wazi, na nje watu walikuwa wamejaa. Nilijua nikisema, nitakuwa nimesema mbele ya Mama, na Bibi, na hao wote. Lakini nilikuwa nimechoka. Uchovu ule ulikuwa mkubwa kuliko aibu. Moyo ulikuwa unapiga, du, du, du, na nilitaka mtu mmoja tu duniani ajue.

"Nisipokula, mtoto hatakua," nikasema.

"Mtoto yupi? Wa mama?"

"Wangu."

Mama alicheka, kicheko kifupi kilichokatika katikati, na akaweka mkono mdomoni kwa sababu aliniona usoni na kuelewa kwamba sikuwa natania. Bibi hakucheka kabisa. Alikuwa ananitazama kama mtu anayezirudisha nyuma siku zote za utani wake, mmoja baada ya mwingine.

"Nani kakwambia una mtoto?" daktari akauliza.

"Ninakula udongo. Wote wanaokula udongo wanapata."

Daktari angeweza kuniambia kwamba huo ni ujinga. Ningeenda nyumbani na dawa zangu, nisingeamini, nisingekula. Mimi najijua. Mpaka leo ukiniambia "usijali" naanza kujali vitu ambavyo sikuwa nimevifikiria. Badala yake alivuta kiti akakaa tukalingana kimo.

"Unataka kuhakikisha?"

"Ndiyo."

Akamwomba Mama apande kitandani. Akatoa kile kifaa kidogo cha mti chenye mdomo kama tarumbeta, kile ambacho wakunga husikilizia tumbo, akakizungusha tumboni mwa Mama mpaka akapata mahali, akaniita. "Weka sikio hapa. Usipumue kwanza."

Nilisikia kelele za bahari, au kile nilichodhani ni bahari, sikuwa nimewahi kuiona. Kisha, chini yake, kitu kidogo kinakimbia. Kinakimbia haraka sana, mbali, kama miguu ya mtoto wa mbuzi juu ya mwamba.

"Umesikia? Huyo ni mdogo wako. Sasa lala wewe."

Nililala pale alipolala Mama, karatasi bado ina joto lake. Daktari akanivalisha kipimo chake masikioni, akaweka ncha yake baridi tumboni mwangu. Nilisikiliza. Palikuwa na maji yanayotembea. Palikuwa na mlio kama wa mlango wa bati, kisha ukimya, kisha buluu, buluu, buluu. Akasogeza kulia. Buluu. Akasogeza chini. Kimya. Alinisogezea kila mahali nilipoonyesha kwa kidole, hata pale nilipoonyesha mara ya pili na ya tatu, bila kuchoka, na nje watu wakilalamika foleni haisogei.

"Unasikia anayekimbia?"

"Hapana."

Akaihamishia ncha kifuani, upande wa kushoto. Du, du, du. "Huyu ndiye uliyekuwa unamsikia," akasema. "Ni moyo wako. Amechoka, anataka ugali."

Nililia tena, lakini kilio hiki hakikuwa na kazi nyingine zaidi ya kutoka. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, ananishika mguu. Bibi aligeukia ukutani akajifanya anasoma tangazo la chanjo, yeye ambaye hajui kusoma.

Daktari aliandika dawa. Alisema hatalazimika kuniongezea damu endapo nitakula na kumeza dawa kila siku, na kwamba nirudi wiki inayofuata apime tena. Kisha akamtazama Mama miguuni, akamvuta na yeye ngozi ya jicho.

"Na wewe mama, nenda maabara. Sasa hivi, kabla hamjaondoka."

"Mimi ni uchovu wa mimba tu, daktari."

"Ndiyo maana nataka kuona."

Damu ya Mama nayo ilikuwa chini, na alikuwa anakaribia kujifungua. Hamu ile ambayo mtaa mzima uliiona ni ya kawaida, iliyotaniwa gengeni na kufungwa kwenye gazeti, ilikuwa inamwonya kwa muda wote huo. Kwa hiyo tulikuwa wagonjwa wawili wa dawa moja. Kwa miezi iliyofuata tulimeza pamoja asubuhi, yeye vidonge, mimi dawa ya maji yenye ladha ya chuma. Choo changu kikawa cheusi, na nikaelewa mwenyewe kwamba ni udongo unatoka; hakuna aliyeniambia vinginevyo na sikumuuliza mtu. Bibi alinunua maini kila alipoweza na kutusimamia kama askari magereza. Ukuta wa jiko ulizibwa na Baba kwa saruji. Mama alipojifungua alivuja damu nyingi, Bibi alinisimulia baadaye, lakini iliyokuwepo ilitosha. Mara nyingi huwaza ingekuwaje ningeanguka mwezi mmoja baadaye. Kisha najizuia.

Yote hayo yalichukua muda, na sikumbuki siku niliyopona. Nakumbuka siku ile yenyewe tu, tulipotoka kwa daktari. Jua lilikuwa kali. Nje ya geti mama lishe alikuwa na jiko la mkaa na karai la chapati, na sufuria la maharage linatokota. Mama alikaa kwenye benchi kwanza, akashusha pumzi. Bibi akaagiza.

"Weka tatu," akamwambia mama lishe. "Na maharage, usibane."

Sahani ikaletwa. Bibi aliishika, hakunipa mara moja.

"Mke mwenzangu," akasema, halafu akasita, akabadilisha. "Mjukuu wangu. Una njaa?"

Nilijisikiliza. Nilikuwa na muda mrefu sijajiuliza swali hilo. Ile hamu ya udongo ilikuwepo, siwezi kudanganya, na iliendelea kuwepo kwa miezi. Lakini pembeni yake palikuwa na kitu kingine, kidogo, cha kawaida, kinauma katikati ya tumbo kama kinavyowauma watu wote.

"Ninayo," nikasema.

Nilimega chapati kubwa kuliko mdomo. Chumvi ya maharage ilichoma pembe za mdomo zilizopasuka, machozi yakanitoka, nikaendelea kutafuna. Mama naye alikuwa anakula, polepole, macho amefumba. Sikufikiria chakula kikishuka kinakwenda wapi, wala kinamlisha nani. Bibi akauliza kama niongezwe, na mimi nilikuwa nimeshanyoosha sahani.